Programu Hufa, Notsi Zinabaki Wapi?

Mwaka jana nilitaka kusoma notsi zangu za shahada ya kwanza. Faili nililiona, tena ukubwa wake uleule, ila programu niliyoandikia haipo tena, na hakuna nyingine iliyokubali kulifungua. Mihadhara ya miaka mitatu, kwisha! Nilidhani ni bahati mbaya yangu tu. Kumbe tatizo lina historia ndefu.

Turudi 1945. Mhandisi wa Marekani, Vannevar Bush, aliandika kwenye jarida la The Atlantic kuhusu mashine aliyoiita memex: meza ambayo ndani yake msomi angehifadhi vitabu na barua zake kwenye filamu ndogo sana, kisha kuunganisha ukurasa huu na ule. Mashine yenyewe haikujengwa, lakini wazo la kuunganisha notsi halikufa.

Mwaka 1988 kampuni ya Lotus ikatoa Agenda, programu ya kompyuta za DOS. Uliandika sentensi ya kawaida, tuseme unatakiwa kumpigia fulani Jumanne ijayo. Agenda iliitambua siku, ikaiweka sentensi hiyo chini ya tarehe na pia chini ya jina la mtu huyo. Yaani karatasi hukaa kwenye jalada moja, lakini notsi ya Agenda ilikaa penye mada zote zinazoihusu.

Sasa ilinganishe na za leo, kama Evernote iliyofunguliwa kwa umma 2008, au Obsidian ya 2020. Lebo zipo, viungo vipo. Kwa akili ya kupanga, Agenda haikuachwa mbali hivyo. Basi ilipotea kwa nini? Windows ilipotawala, Lotus haikuitengenezea Agenda toleo lake. Na kwa kuwa notsi zilihifadhiwa kwa muundo wa faili wa Agenda yenyewe, mwenye nazo alibaki kuzihamisha au kutunza kompyuta ya zamani.

Tofauti kubwa iko hapo. Obsidian huhifadhi kila notsi kama maandishi matupu, kwa alama za Markdown alizozitangaza John Gruber mwaka 2004. Org-mode, iliyoanzishwa 2003 na mwanaastronomia Carsten Dominik, hufanya vivyo hivyo kwa alama zake.

Maandishi matupu hudumu kwa sababu rahisi. Kiwango cha ASCII cha 1963 kiliipa herufi A namba 65. UTF-8 ilipobuniwa 1992, ikaacha namba hiyo ilivyo. Ndiyo maana faili la ASCII la miaka ya 1980 linafunguka leo bila tabu. Kiswahili nacho kinaenea humo chote, hata ile alama ya ng'ombe.

Bila shaka kuna gharama. Maandishi matupu hayabebi picha ndani yake, na majedwali yake yanachosha kuandika. Lakini programu ikifa, maneno yako yanabaki.

Kwa hiyo kabla hujaanza tasnifu, fanya jaribio dogo: andika notsi tatu kwenye programu unayoipenda, ifunge, kisha jaribu kuzisoma kwa Notepad. Zikisomeka, endelea. Zisiposomeka, angalia kwanza kama programu inakuruhusu kuzitoa, na uzitoe mapema. Mimi nilichelewa.