Malezi ya awali ya mtoto wa mbwa

Malezi ya awali ya mtoto wa mbwa ni kumzoesha kilebu watu, wanyama wengine, sauti na mazingira, pamoja na kumfundisha adabu za nyumbani. Dirisha la mazoea, yaani kipindi anachozoea mambo kwa urahisi, hufunguka anapofikisha wiki 3 hivi na kufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Bar Harbor, Marekani: vilebu waliokulia uwanjani bila kuguswa na watu hadi wiki ya 14 walimkimbia binadamu, na kuwafuga baadaye kulikuwa kazi ngumu mno.

Kuzoesha si kulazimisha. Kilebu anayelaza masikio, kulamba midomo au kupiga miayo pikipiki inapopita ameogopa. Asogezwe mbali, apewe kipande cha nyama, kisha ajaribiwe tena kwa umbali huo. Kumshikilia kwa nguvu ili azoee ni kosa baya, nalo limeenea.

Kuhusu haja, kilebu hutolewa nje kila anapoamka, anapomaliza kula na baada ya kucheza, na kutuzwa papo hapo. Kumsugua pua kwenye mkojo humfunza tu kujificha.

Kabla chanjo za awali hazijakamilika, hubebwa mikononi, asikanyage palipopita mbwa wasiojulikana, kwa kuwa virusi vya parvo hudumu udongoni kwa miezi mingi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 3.