Udongo wa Nyumbani: Ujenzi na Uchumi wa Taifa katika Milima ya Uluguru

Katika lugha yetu neno kujenga halikomei kwenye mawe na miti. Tunajenga nyumba, tunajenga hoja, tunajenga undugu, tunajenga taifa. Hapana shaka kwamba waliotuachia lugha hii waliona kuwa kazi zote hizo zina tabia moja: huanzia chini, hufuata mpango, na hazifanywi na mtu mmoja. Hata hivyo, wanafunzi wetu wanapoulizwa nguzo za uchumi wa nchi changa, wengi hutaja kilimo, viwanda, madini na biashara, na kumsahau fundi mwashi. Husahau kwamba mazao hayafiki sokoni bila barabara, kwamba kiwanda ni jengo kabla ya kuwa mashine, na kwamba hata elimu yenyewe huhitaji paa la kuizuia mvua.

Katika insha hii tunakusudia kueleza nafasi ya ujenzi katika uchumi wa nchi inayoendelea. Ili tusizungumze hewani, tutasimama mahali pamoja na kutazama kutoka hapo. Mahali penyewe ni Mkuyuni, katika Wilaya ya Morogoro, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Jina lake lamaanisha penye mti wa mkuyu. Njia itokayo Morogoro hupita Bigwa na Kiroka, hufika Mkuyuni, kisha huendelea kuelekea Matombo na Kisaki. Ni nchi ya migomba, mananasi, mafenesi, karafuu na mdalasini. Na juu yake milima hupanda hadi zaidi ya meta 2,600 kutoka usawa wa bahari. Katika nchi hii kila zama za historia yetu zimejenga kitu, na kila zama zimetuachia somo.

Swali letu ni hili: jengo linapokwisha na wajenzi wakaondoka, nini hubaki kwa wenyeji? Kwa maoni yetu, hicho ndicho kipimo cha kweli cha faida ya ujenzi kwa uchumi. Wingi wa fedha zilizotumika peke yake hautoshi kuwa kipimo.

Tuanze na wazee. Jina la Waluguru limetokana na neno lao lenye maana ya mlima, na nyumba zao za kale zilijengwa kwa vitu vya mlima: miti, fito, kamba za magome, udongo na nyasi. Miteremko ya juu ya mashariki hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo nyumba ya udongo isiyokingwa vizuri haiwezi kudumu. Paa la nyasi lilishushwa chini ili maji yasiupige ukuta. Nyumba ilisimamishwa kwa ujima. Jamaa na majirani walikata miti, wakakandika na kuezeka, na mwenye nyumba aliwalisha na kuwanywesha, huku akijua kwamba kesho zamu itakuwa ya mwingine. Hapakuwa na fedha taslimu, lakini uchumi ulikuwapo: nguvu iliwekezwa, ujuzi ulirithishwa, wala hakuna kilichotoka nje ya bonde. Hata hivyo tusiwasifu wazee kupita kiasi. Nyumba ile ilihitaji kuezekwa tena na tena, ilishika moto upesi, na ilikuwa na giza na moshi. Kujitegemea hakuna maana ya kubaki pale tulipokuwa.

Ujenzi wa aina nyingine uliingia pamoja na ukoloni. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Mwezi Februari 1914 ilifika Kigoma. Kampuni ya Philipp Holzmann kutoka Ujerumani ndiyo iliyoshika kazi, na Waafrika kwa maelfu ndio waliochimba, waliobeba na waliotandika. Reli ile ilibadili uchumi wa nchi nzima. Mji wa Morogoro wenyewe ulikua kwa sababu yake. Lakini iliwekwa ili kuvuta mali kutoka bara kwenda bandarini na kusafirisha askari, wala haikukusudiwa kumpa mtu wa Mkuyuni njia ya kupeleka ndizi zake. Vyuma vilitoka ng'ambo, wahandisi walitoka ng'ambo, na faida ilirudi huko huko. Kwa wenyeji ilibaki reli, na ujira mdogo uliokwisha kwa kulipa kodi. Mwezi Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro, nao Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Kisaki kwa kuzizunguka pande za milima hii. Mtawala akabadilika, bali ujenzi uliendelea kuamriwa kutoka mbali.

Somo zito kuliko yote lilikuja miaka ya 1950. Serikali ya Waingereza, ikihofia mmomonyoko wa udongo, ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wakulima walilazimishwa kuchonga matuta ya ngazi katika miteremko ya mashamba yao. Huu nao ulikuwa ujenzi, tena mkubwa: kuubadili mlima mzima uwe ngazi. Nia ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya. Lakini kazi ilikuwa ngumu na bila ujira. Mahali pengi udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa, na ule wa chini usiozaa ukafunuliwa. Zaidi ya hayo, ardhi ya Waluguru ilishikwa na koo zinazofuata upande wa mama. Mtu aliyelima ardhi ya ukoo usio wake hakuwa huru kufanya juu yake jambo la kudumu, kama vile kupanda miti, bila ridhaa ya wenye ardhi. Je, amri ya serikali ya kuigeuza ardhi hiyo ingempa nani haki yake? Wananchi waliogopa kunyang'anywa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mbele kidogo ya Mkuyuni kwa njia hii hii tuliyoitaja. Polisi wakafyatua risasi, na damu ya mwananchi ikamwagika. Mpango ukavunjika.

Yafaa ikumbukwe kwamba huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hii hii, matuta yalidumu katika mashamba ya mboga. Tofauti ni nini? Mgeta mkulima aliuza kabichi na viazi vyake, akaona kwamba jasho lake juu ya tuta linamrudia mfukoni. Kwa hiyo twajifunza kwamba ujenzi hauwi mali kwa amri. Huwa mali pale anayejenga anapoona faida yake na kuwa na hakika ya haki yake.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 taifa lilianza kujenga kwa mikono yake. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1966 kiwanda cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, kilianza kutoa saruji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likatufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo, bali ni matokeo yake. Msingi ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kuanzia mwaka 1973 wananchi wa vijijini walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na kwa ghafla mamilioni ya watu walihitaji nyumba, shule, zahanati na maghala. Kuhama kwenyewe mahali pengi kulikuwa kwa nguvu, na yule aliyelisoma vizuri somo la Matombo atajua kwa nini nyumba nyingi za haraka hazikudumu.

Mwaka 1977, katika kupima miaka kumi ya Azimio, Mwalimu Julius Nyerere aligusa jambo ambalo ndilo kiini cha insha hii. Alisikitika kwamba wananchi wengi walikuwa wamefungwa akili na mabati na saruji. Walikaa katika nyumba mbovu wakisubiri vifaa hivyo, huku wakikanyaga udongo ambao ungeweza kuwa matofali ya kuchoma na vigae. Saruji nayo, alieleza, ni udongo. Ila huo umepewa heshima ya udongo wa Ulaya.

Maneno hayo yalikuwa ya uchumi hasa, ingawa yalionekana kuwa ya mzaha. Tufikiri kwa mfano. Kijiji kikinunua bati lililoagizwa ng'ambo, fedha yake huondoka siku ile ile, na taifa hulazimika kuuza kahawa au pamba ili kuirudisha. Kijiji hicho kikimlipa kijana wa Mkuyuni kwa kufyatua matofali, kijana hununua jembe kwa mhunzi, hulipa ada ya mdogo wake, hununua ndizi kwa jirani; na jirani naye humlipa seremala amtengenezee mlango. Shilingi ile ile imefanya kazi mara kadhaa kabla ya kuondoka bondeni. Hapo ndipo ujenzi unapozipita kazi nyingine nyingi: huwapa kazi watu wengi wenye ujuzi wa ngazi mbalimbali, kuanzia mchota maji hadi mhandisi, na huamsha kazi nyingine nyuma yake na mbele yake. Nyuma yake wako wachimba mchanga, wapasua kokoto, wapasua mbao na wenye magari. Mbele yake ziko shule, masoko na karakana.

Hata hivyo, hatuna budi kusema ukweli wote. Tofali la kuchoma huhitaji tanuru, na tanuru huhitaji kuni. Misitu ya Uluguru ndiyo chemchemi ya Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaounywesha mji wa Dar es Salaam. Mti unaokatwa juu ya Mkuyuni ili kuchoma matofali ni ndoo ya maji inayopungua mjini. Kwa kulinda misitu hiyo, serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru mwaka 2008. Kwa hiyo wito wa mwaka 1977 ulikuwa sahihi kwa upande wa fedha za kigeni, lakini ulikuwa na gharama isiyoandikwa katika daftari. Mtu anayejenga kwa udongo wake huku akiuteketeza msitu wake amehamisha deni tu, hajalilipa.

Ufumbuzi haupo katika kurudi kwenye udongo wa Ulaya, bali katika elimu. Kitengo cha utafiti wa majengo kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, kilieneza matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Matofali hayo hukaushwa bila tanuru, na yale yanayofungamana hupunguza hata saruji ya kuungia. Nayo saruji si ya kigeni tena kama zamani: mbali na Wazo Hill, viwanda vilijengwa Tanga na Mbeya, na baadaye Mtwara. Udongo uliokuwa wa Ulaya umekuwa wa nyumbani, kwa sababu tulijifunza kuutengeneza.

Zama zetu nazo zinajenga. Reli mpya ya kisasa kutoka Dar es Salaam, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2017, ilianza kuchukua abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024. Kusini ya Kisaki, Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka huo huo. Mwishoni mwa mwaka 2021 taifa lilijenga madarasa 15,000 kwa muda wa miezi michache, na kazi nyingi zilishikwa na mafundi wa mahali penyewe. Reli mpya, kama ile ya mwaka 1905, ilijengwa na kampuni ya kigeni. Lakini safari hii mwenye reli ni taifa. Lililobaki ni kuuliza swali letu lile lile: ni vijana wangapi waliotoka katika kazi hizo wakiwa wanaujua ufundi ambao hawakuujua walipoingia? Reli ikikamilika na ujuzi wa kuijenga ukapanda ndege kurudi kwao, tumenunua reli, hatujajenga.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu mkubwa ni dharau ya kazi ya mikono. Kijana aliyeshindwa mtihani huambiwa aende akawe fundi, kana kwamba timazi na pimamaji ni adhabu. Matokeo yake nyumba hupinda, barabara humomonyoka kabla ya masika ya pili, na fedha za umma hulipwa mara mbili kwa kazi moja.

Twawasihi walimu, basi, wawatoe wanafunzi darasani na kuwasimamisha mbele ya jengo lolote lililo karibu: shule, daraja, au nyumba ya jirani. Waulize udongo wake ulitoka wapi, na ni kitu gani kiliteketezwa ili kuupata. Waulize nani alilipwa, na fedha yake ilikwenda wapi. Waulize nani alijifunza kazi pale, na kama walioamriwa kujenga waliridhia. Majibu ya maswali hayo yatawafundisha uchumi wa nchi yao. Mlima wa Uluguru umeona wajenzi wengi wakija na kuondoka. Tulio hapa sasa hatuna pa kuondokea, na kwa hiyo yatupasa kujenga kama wenyeji.