Darasa la Hasira

Wapagazi wa Kinyamwezi walioshusha pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani katika karne ya 19 walipita Uzaramo wakiwa na njaa, kiu na wagonjwa. Walihitaji wenyeji wa kuwapa maji na, mambo yakiharibika, wa kuwazika. Utani wao na sisi Wazaramo husimuliwa kuwa ulizaliwa katika njia hizo. Wahehe na Wangoni waliupata kwa damu: walipigana vikali kati ya 1878 na 1882, na vizazi vilivyofuata vikageuza vita ile kuwa matusi ya kuchekesha.

Miaka ya 1940 R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Usambara, aliandika habari za utani wa Tanganyika (ndege hawakumtosha, nadhani). Yeye alitazama makabila. Mimi najua utani wa uani, wa bibi na mjukuu, na kwangu huo ndio uliokuwa darasa la hasira.

Bibi mzaa baba aliniita mume wake. Udhaifu wangu ulikuwa ukoko: nikinyimwa, navimba. Alilijua hilo kabla sijalijua mwenyewe, basi akawa anaukwangua sufuriani taratibu, macho kwangu. "Mume gani huyu? Pua imeshaanza kufura!" Nikilia, sipati. Nikinuna, anasubiri. Siku nilipomjibu, "Na mke gani huyu, ukoko atautafunia wapi na meno hana?" alicheka mpaka kanga ikamponyoka begani, akanisogezea sufuria nzima. Baba hakunitania hata mara moja. Kwake ilikuwa amri na heshima. Kumchokonoa mtoto waliachiwa babu, bibi na mabinamu, watu aliokuwa na ruhusa ya kuwarudishia.

Ruhusa hiyo ilikuwa na gharama. Mtani aliyewatukana harusini ndiye aliyetegemewa msibani, achimbe kaburi na kuwachekesha wafiwa. Shule ya bweni nilikuta wenzangu wakiita utani kumsema mtu kovu lake kila usiku, na akijibu anapigwa. Ule ulikuwa uonevu tu.

Binti yangu, hapa Dar es Salaam, chekechea huonyeshwa kadi za nyuso. Huchagua yenye hasira, kisha hueleza kilichomuudhi. Nazikubali. Ila kadi haimchokozi, wala haijibiki. Likizo hii anakwenda Kisarawe kwa mama yangu, ambaye tayari anamwita mke mwenza na ameshaniuliza akinyimwa nini ndipo hununa.