Mganga hajigangi: Australia na siri ya daktari mgonjwa

Wahenga walinena kuwa mganga hajigangi. Lakini je, anayemtibu mganga mwenziwe afanye nini anapogundua kuwa maradhi ya mgonjwa huyo yaweza kuwadhuru watu wengine? Nchini Australia, swali hilo lilizusha mjadala uliodumu takriban muongo mzima.

Kiapo cha Hippocrates, chenye asili yake katika Ugiriki ya kale, kinamtaka tabibu atunze siri za wagonjwa wake. Tabibu aliyeugua naye alikuwa na haki hiyo hiyo.

Mwaka 1973 Chama cha Madaktari cha Marekani kilichapisha waraka mashuhuri kuhusu tabibu mgonjwa. Kilikiri kuwa ulevi, uraibu wa dawa na maradhi ya akili huwapata madaktari pia, na kwamba wenzao wasilinyamazie jambo hilo. Huo ulikuwa wajibu wa kimaadili. Australia iliufanya kuwa wajibu wa kisheria.

Sheria ya mwaka 2010

Tarehe 1 Julai 2010 nchi hiyo ilianzisha mfumo wa kitaifa wa kusajili wahudumu wa afya wa taaluma 10, wakiwemo madaktari, wauguzi na wafamasia. Kila mhudumu alitakiwa kutoa taarifa akiamini, kwa sababu za msingi, kuwa mwenziwe amefanya kazi akiwa amelewa, ametumia kazi yake kwa vitendo vya ngono, amekiuka mno viwango vya taaluma na kuuhatarisha umma, au ameuweka umma hatarini kwa sababu ya maradhi yake.

Daktari anayemtibu mwenziwe hakusamehewa. Hata hivyo, jimbo la Australia Magharibi, lililojiunga na mfumo huo Oktoba mwaka huo huo, lilimwondolea wajibu huo.

Hofu ya kupoteza kazi

Waliounga mkono sheria walisema usalama wa wagonjwa hauna budi kutangulia. Wapinzani walijibu kuwa daktari anayeogopa kuripotiwa hatatafuta tiba, ataendelea kufanya kazi akiugua, na hatari itazidi badala ya kupungua.

Mwaka 2013 shirika la beyondblue lilitoa matokeo ya uchunguzi wa afya ya akili ulioshirikisha madaktari zaidi ya 12,000. Takriban nusu walitaja hofu ya siri kufichuka kuwa kizuizi cha kutafuta matibabu, na karibu thuluthi moja walitaja hofu ya kuathirika kwa usajili wao.

Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kati ya taarifa 846 zilizochunguzwa, 64 tu zilitolewa na wahudumu waliokuwa wakiwatibu wenzao. Walioripotiwa walikuwa wachache, ila hofu iliwafikia wengi.

Mageuzi

Bunge la Queensland lilipitisha marekebisho mwaka 2019, nayo yakaanza kutumika Machi 2020. Tangu hapo, anayemtibu mwenziwe hulazimika kuripoti maradhi pale tu hatari kwa umma inapokuwa kubwa. Huzingatia uzito wa maradhi na hatua ambazo mgonjwa amechukua kujitibu. Kwa vitendo vya ngono, sheria ilibaki kali. Australia Magharibi iliendelea na msamaha wake.

Hivyo daktari anayekubali kutibiwa na kupumzika panapohitajika aliachiwa siri yake. Wabunge walitambua kuwa umma haulindwi kwa taarifa peke yake, bali pia kwa mlango wa tiba ambao daktari haogopi kuubisha.