Safu ya Lugha: Sensa haifungwi mlangoni

“Funga sensa pale juu ya mlango,” wanasema mafundi wa mji wa Mpanda, mkoani Katavi. La hasha! Sensa ni hesabu ya watu: ile ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,152,958 mkoani humo. Kifaa kinachogundua mlango umefunguka ni kihisi, kutokana na kuhisi, neno lenye asili ya Kiarabu. Wala si swichi ya ukutani. Hiyo hungoja kidole. Kwenye pazia la hewa, yaani upepo wa feni unaozuia joto na vumbi kuingia chumba cha baridi, kihisi huwasha feni mlango ukifunguliwa na kuizima ukifungwa. Mpanda, mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, unajua hasara ya feni kuzunguka bure. Kihisi tuwape mafundi, sensa tuwaachie makarani.