Njaa hunoa pua, shibe huififisha

Magharibi ya mwezi wa Ramadhani inapokaribia, vichochoro vya Likoni, Kisauni na Changamwe hujaa harufu ya viazi karai, kaimati na mahamri yenye iliki. Aliyefunga huzinusa kwa mbali, ilhali aliyekula mchana huenda akapita bila kuzijali. Tofauti hiyo huanzia tumboni.

Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa mwaka wa 1999 na wanasayansi wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo na kuamsha hamu ya kula. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba watu waliopewa grelini walivuta hewa puani kwa nguvu zaidi kila waliponusishwa kitu, kiwe chakula au kisiwe.

Mwaka wa 2014, watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza yanayotukia ubongoni. Panya walioshindishwa njaa walizidiwa na kemikali za mwilini zifananazo na zile za bangi, katika sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Pua zao zikawa kali, nao wakala zaidi.

Shibe nayo ina kazi yake. Katika uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2021, watu walikula pizza au mikate ya mdalasini hadi wakashiba. Baadaye pua zao zilififia kwa harufu ya chakula kile kile walichokula, lakini si kwa kile ambacho hawakukigusa. Ndiyo maana mtu aliyeshiba biryani bado huweza kuvutwa na halua.

Mambo haya yana uzito kuliko yanavyodhaniwa, kwa sababu sehemu kubwa ya tuitayo ladha hutoka puani. Mtu akipata mafua, mchuzi wa nazi huwa kama maji. Tangu mwaka wa 2020, ugonjwa wa Covid-19 umewapokonya wengi uwezo wa kunusa, baadhi yao kwa miezi mingi. Wazee pia hupungukiwa na uwezo huo kadiri umri unavyosonga. Mzee anayesukuma sahani kando huenda asiwe mkaidi wala hana deko. Pengine chakula hakimfikii puani, na mwili wake unadhoofika polepole.

Wataalamu hushauri kwamba anayekosa harufu kwa wiki kadhaa, hata akiwa na njaa, amwone daktari. Kwa wapishi, ni heri kukadiria viungo kabla ya kula. Na kuhusu samaki aliyelala, pua pekee isiaminiwe: baadhi ya viini vinavyodhuru havitoi harufu yoyote, awe mnusaji ana njaa au ameshiba.