Nyimbo Tamu Katika Dunia Iliyoungua

Televisheni ya zamani, ya picha nyeusi na nyeupe, inapitisha matangazo ya biashara. Linakuja gari jipya, linakuja handaki linalouzwa kwa familia kama vile nyumba inavyouzwa, kisha inaingia taarifa ya habari: askari mwenye deraya ya chuma anampiga risasi mateka aliyepiga magoti, halafu anageuka na kuipungia kamera mkono kwa furaha. Muda wote huo wimbo unaendelea. Gitaa limeanza taratibu, na mwanamume mwenye sauti nyembamba na laini anaimba wasiwasi wa mapenzi. Kamera inarudi nyuma kidogo kidogo, na mtazamaji anatambua kwamba televisheni hiyo imo ndani ya jengo lililobomoka, katika mji ulioteketezwa kwa mabomu ya nyuklia, na hakuna anayeitazama. Mwimbaji yeye anaendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hivyo ndivyo unavyoanza Fallout, mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Interplay ya Marekani mwezi Oktoba 1997. Wimbo ni "Maybe" wa kundi la The Ink Spots, uliorekodiwa mwaka 1940. Katika historia ya muziki wa michezo ya kompyuta ni vigumu kupata wimbo mwingine uliopishana na picha yake kwa kiasi hicho na bado ukashika kumbukumbu za watu kwa zaidi ya robo karne.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1928, sinema zilipokuwa ndiyo kwanza zinapata sauti, waongozaji watatu wa Kisovieti, Eisenstein, Pudovkin na Aleksandrov, walitoa tamko wakitaka sauti isiwe mtumwa wa picha. Waliona ingekuwa na nguvu zaidi ikipingana nayo. Mwaka 1964 Stanley Kubrick akamaliza filamu yake Dr. Strangelove kwa picha za milipuko ya nyuklia, mmoja baada ya mwingine, huku Vera Lynn akiimba "We'll Meet Again", wimbo uliowafariji Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Yeyote aliyeiona filamu ile hausikii tena wimbo huo kama alivyousikia mwanzo.

Waliotengeneza Fallout walikuwa na sababu yao wenyewe. Tim Cain, aliyeuongoza mradi, na Leonard Boyarsky, aliyesimamia sura yake, hawakuchora wakati ujao kama tunavyoudhania leo. Walichora ule uliotarajiwa na Wamarekani wa miaka ya 1950: magari yanayotumia nguvu za nyuklia, roboti za kufanya kazi za ndani, familia zinazotabasamu mbele ya jiko jipya. Kisha wakaiteketeza dunia hiyo. Katika hadithi yao mabomu yanaanguka tarehe 23 Oktoba 2077, na mchezaji anatoka handakini mwaka 2161. Kwa hiyo wimbo wa mapenzi pale mwanzoni ni sauti ya wale waliokuwa wakiishi kwa raha zao huku wakiruhusu silaha zirundikwe.

Wimbo waliouhitaji kwanza haukuwa huo. Walitaka "I Don't Want to Set the World on Fire", wa kundi hilohilo, wa mwaka 1941, ambao jina lake linasema waziwazi kwamba mwimbaji hataki kuichoma dunia moto. Bei ya haki za kuutumia ikawashinda, wakachukua "Maybe". Kwa maoni yangu, kukosa huko kuliwafaa. Wimbo wa kwanza ungeishia kwenye jina lake. Mtu angelielewa fumbo mara moja na kuendelea na mambo yake. "Maybe" una kitu kizito zaidi. Ni maneno ya mtu aliyeachwa, anayejiuliza kama aliyeondoka atamkumbuka siku moja. Mchezo unapoisha, mchezaji amekwishawaokoa watu wake, anarudi mlangoni kwao, na kiongozi wao anamwambia hana ruhusa ya kuingia kwa sababu amebadilika mno. Anageuka, anaifuata njia ya jangwani peke yake, na hapo "Maybe" unarudi. Maneno ni yaleyale na sauti ni ileile, lakini sasa wimbo umemkaa sawasawa mtu aliyeko kwenye picha. Ulioanza kama wimbo wa harusi msibani umegeuka kuwa wimbo wa msiba wenyewe. Katikati ya ncha hizo mbili, muziki wa mtunzi Mark Morgan ni uvumi, upepo na vyuma vinavyogongana kwa mbali, na giza hilo ndilo linalozifanya dakika chache za Ink Spots zing'ae.

Inafaa kuwatazama waimbaji hao kwa karibu, kwa sababu mara nyingi wanatajwa kama "muziki wa zamani" basi. Ink Spots walikuwa Wamarekani weusi wanne ambao nyota yao iling'aa mwaka 1939 kwa kibao "If I Didn't Care". Walikuwa na mtindo wao ambao waliurudia karibu katika kila wimbo. Gitaa linatangulia kwa akodi chache zilezile. Bill Kenny anaimba ubeti wote kwa sauti ya juu, kila neno akilitamka kwa adabu. Kisha Orville Jones, mwenye besi nzito, anayarudia maneno hayohayo bila kuyaimba. Anayasema tu, kama mtu anayeongea na mpenzi wake kwenye simu. Kenny anarudi kufunga.

Walipendwa na weupe na weusi katika nchi iliyokuwa ikiwabagua. Matangazo yanayoigwa na Fallout, yale ya nyumba mpya zenye bustani na jiko la umeme, yalikuwa ya ndoto ambayo wao walifungiwa nje yake. Levittown, mtaa maarufu ulioanza kujengwa karibu na New York mwaka 1947 na kuwa mfano wa maisha hayo, ulikuwa na mikataba iliyowazuia watu weusi kuishi humo. Kwa hiyo hata kabla bomu halijaanguka, sauti ile haikuwa na nafasi katika picha iliyowekewa. Sijui mchezaji wa kawaida anaingiwa na fikra hiyo kwa kiasi gani, lakini ukishaijua huwezi kuisahau.

Miaka 11 baada ya Fallout ya kwanza, mfululizo huo ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Bethesda, na Fallout 3 ya mwaka 2008 ikafunguka kwa wimbo ule uliokosekana 1997. Redio inawaka ndani ya basi bovu, "I Don't Want to Set the World on Fire" unaanza, kamera inatoka nje na Washington yote ni kifusi. Lakini jambo kubwa katika mchezo huo lilikuwa redio aliyopewa mchezaji mwenyewe, ndani ya kifaa anachokivaa mkononi mithili ya saa kubwa. Akipenda anaifungulia, anamsikiliza mtangazaji Three Dog wa Galaxy News Radio, na nyimbo za Billie Holiday, Cole Porter na Ella Fitzgerald zinamfuata popote aendako. Hata nguvu ya mawimbi ni sehemu ya hadithi: matangazo hayafiki mbali mpaka mchezaji akatafute dishi kwenye jumba la makumbusho na kulifunga juu ya mnara wa Washington.

Hapo ndipo mchezo wa kompyuta unapopata kitu ambacho sinema haina. Kubrick alichagua wimbo wake ukae juu ya picha gani, sekunde kwa sekunde. Redio ya Fallout 3 haijui mchezaji yuko wapi. Anaweza kuwa gizani katika handaki la treni, risasi zimebaki tatu, majitu yanamjia mbio, na wakati huohuo Billie Holiday anasifu raha ya kupenda. Dakika tano baadaye kumetulia, na wimbo unaofuata ni wa kuchangamka. Hakuna mtunzi aliyepanga hayo. Kila mchezaji ana kumbukumbu yake ya wimbo uliomkuta mahali pasipostahili, na haifanani na ya mwenzake.

Msomaji wa Kiswahili huenda anakumbuka mfano ulio karibu naye zaidi. Mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguka kwa "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyowekewa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Sayari yetu inazunguka polepole angani na kwaya inaomba riziki ya leo na msamaha wa makosa. Mwaka 2011 utunzi huo ukawa wa kwanza kutoka kwenye mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Wengi wetu tuliufurahia kwa sababu ulikuwa kwa lugha yetu, na ni haki. Lakini mchezo unaofuata baada ya wimbo huo ni wa kujenga dola na kupigana: humo kuna madini ya urani, kuna mradi wa Manhattan, ule wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki, na anayeukamilisha huwafungulia watu makombora ya nyuklia. Sala inasema tusamehe tunavyosamehe, na mchezaji anabofya kuanza.

Narudi kwenye redio ya Fallout 3, kwa sababu humo kuna wimbo ambao kwetu una uzito wa peke yake. Unaitwa "Civilization". Uliandikwa na Bob Hilliard na Carl Sigman, na mwaka 1947 Danny Kaye na The Andrews Sisters wakaurekodi. Anayezungumza ndani yake ni mtu wa Kongo aliyechorwa kwa dharau za enzi ile, mtu wa porini mwenye ngoma, anayeshawishiwa kuhamia kwa watu waliostaarabika. Anakataa, na anatoa sababu zake, na mojawapo ni kwamba huko wana bomu la atomiki. Mwaka 1947 watu walicheka. Katika magofu ya Washington, mtu huyo anageuka kuwa ndiye mwenye akili kuliko wote waliomcheka.

Na bomu hilo lilihusiana na Kongo hasa. Urani nyingi ya mradi wa Manhattan ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mjini na ya machimboni. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alisafirisha tani zipatazo 1,200 za mawe hayo hadi New York, zikawekwa ghalani Staten Island, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Yalikuwa mawe yenye urani nyingi kuliko yaliyopatikana karibu popote pengine duniani. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikapigwa. Miaka miwili tu baadaye Mkongo wa kubuni akawekwa jukwaani aseme kwamba bomu ni la wenzake na halimhusu.

Fallout 4 ya mwaka 2015, yenye hadithi inayotokea Boston, imeubakiza wimbo huo redioni na kuuongezea jirani: "Uranium Fever" wa Elton Britt, wa mwaka 1955, unaowahusu Wamarekani waliokimbilia majangwa ya magharibi wakitafuta urani wakitumaini utajiri. Mchezaji anaweza kuzisikia nyimbo zote mbili katika usiku mmoja wa mchezo. Mtafutaji wa Kimarekani ana wimbo, na Mkongo wa kuchekesha ana wimbo. Mchimbaji wa Katanga hana.

Si kwamba muziki wa huko haukuwapo. Likasi, ambayo wakati huo iliitwa Jadotville, iko kilomita kama 20 kutoka Shinkolobwe. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika mjini hapo na mitambo yake ya kurekodi, akamkuta kijana Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa kavu kwa vidole, besi na melodi kwa wakati mmoja, na kuimba kwa Kiswahili. Katika rekodi zilizotokana na safari hiyo umo "Masanga", ambao wapiga gitaa wa Afrika Mashariki na Kati wamejifunzia kwa miaka mingi. Ni wa enzi ileile ya nyimbo zinazopigwa katika magofu ya Boston, na ni mtamu kama hizo.